Nakala Moja si Hifadhi

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Diski ya kompyuta ikianza kugonga, jambo lenyewe limekwisha kutendeka, na aghalabu lilitendeka miaka kadhaa nyuma, siku ambapo mwenye diski aliamua, pengine bila kutambua kwamba anaamua, kuwa nakala moja inatosha. Yanayofuata baada ya mlio huo, yaani hofu, fundi, gharama na majuto, ni matokeo tu. Katika uga wa Kiswahili uamuzi huo umekuwa desturi, na desturi hiyo imepewa jina zuri la uhifadhi wa kidijitali. Haistahili jina hilo.

Na achukuliwe mtafiti wa kubuni, ingawa si wa kubuni sana, anayeishi Ferndale, kitongoji cha Randburg, kaskazini mwa Johannesburg. Kwa miaka minane amekuwa akiwarekodi Wakongomani wazungumzao Kiswahili waliohamia Afrika Kusini: wazee waliotoka Lubumbashi, akina mama wauza vitenge wa Yeoville, wahubiri, vinyozi, madereva. Ana saa nyingi za mazungumzo, nyimbo za harusi, picha za barua za zamani, tafsiri zilizofika nusu na rasimu tatu za sura ya nne. Vyote vimo katika diski moja ya nje, nyeusi, ya ukubwa wa kiganja. Jioni moja diski inalia tik, tik, tik, inanyamaza, kisha inalia tena. Kesho yake ataipeleka kwa fundi, aiweke mezani kama mtu aliyempeleka mgonjwa zahanati, na kuuliza: "Itapona?"

Diski haiponi. Haina nyama inayojirudi. Ndani yake mna sahani moja au zaidi zilizopakwa utando wa sumaku, zikizunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya kila uso wa sahani huelea kichwa kidogo cha kusomea na kuandikia, kikibebwa na tabaka la hewa lenye unene wa nanomita chache tu. Hata chembe ya moshi wa sigara ni jabali mbele yake. Kichwa kikiugusa uso wakati sahani inazunguka, kinachokwanguliwa ni maandishi yenyewe. Mgongo unaorudiwa kwa mpigo kwa kawaida hutokana na mkono wa kichwa kushindwa kusoma alama zinazouongoza, ukarudi ulikoanzia, ukajaribu tena, ukashindwa tena. Mkwaruzo ni habari mbaya zaidi. Mvumo mwembamba unaopanda huweza kuwa wa beringi za mota, na vilio vifupi kama vya kifaranga huashiria mota inayotaka kuzunguka ikakwama.

Si kila sauti ni msiba. Diski nzima husikika ikitafuta faili, na hutoa kishindo kimoja kidogo inapozimwa na vichwa kwenda kuegeshwa. Hata waya mbovu au tundu lisilotoa umeme wa kutosha huweza kuifanya diski isiyo na kosa igonge, ndiyo maana kubadilisha waya ni jaribio la kwanza linaloruhusiwa. Baada ya hilo hakuna jingine la bure. Kila mara diski mbovu inapowashwa "ili tuone tu", kichwa kilichojeruhiwa hupitishwa tena juu ya kile kilichobaki.

Na hapo ndipo ujuzi wa mitaani unapofanya maangamizi. Wapo wanaoishauri diski ilazwe katika jokofu usiku kucha, wakisahau kwamba chombo cha baridi kikitolewa katika chumba chenye joto hutoa jasho, na jasho hilo halibaki nje tu. Wapo wanaoigonga kwa kisigino cha kiganja. Wapo wanaofungua kifuniko mezani, chini ya taa, kwa udadisi, ilhali kazi hiyo hufanywa katika vyumba vilivyochujwa vumbi kwa makusudi. Wabaya kuliko wote, kwa sababu huonekana waungwana, ni wale wanaoendesha programu ya kukagua na kurekebisha diski yote, sehemu baada ya sehemu, kwa saa kumi na mbili mfululizo. Huko ni kumkimbiza mgonjwa wa moyo mbio za nyika ili kupima kama moyo wake ni mgonjwa. Ikiwa diski bado inasomeka, kuna kazi moja tu: kutoa nje kilicho humo, kuanzia na vitu visivyopatikana popote pengine duniani. Rekodi kwanza, rasimu za sura ya nne baadaye, filamu na programu ziachwe zife. Afadhali zaidi ni kuinakili diski nzima kwa programu kama ddrescue ya mradi wa GNU, iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huruka zenye kasoro, huweka kumbukumbu ya zilizoachwa, na huzirudia mwishoni. Na ikiwa diski inagonga bila kusomeka kabisa, izimwe na izimwe kweli, ipelekwe kwa wenye maabara au iwekwe kabatini mpaka fedha ipatikane. Gharama ya maabara hizo huzidi bei ya diski mpya mara nyingi, na hakuna anayeahidi kufaulu.

Yote hayo ni ya lazima kujulikana. Lakini ni maarifa ya mazishi.

Watetezi wa mtafiti wa Ferndale watasema kwamba mazingira yalimwonea, na wana nusu ya ukweli. Afrika Kusini iliingia katika mgao wa umeme wa mara kwa mara kuanzia miaka ya 2007 na 2008, na mwaka 2023 ulikuwa mbaya kuliko yote: zaidi ya siku 300 za mwaka huo zilikuwa na mgao. Umeme unapokatika ghafla, diski hufanya jambo la kusifika. Hutumia nguvu ya mzunguko uliobaki wa sahani zake kuzalisha umeme kidogo wa kuvirudisha vichwa nyumbani kabla havijaanguka. Lakini marejeo hayo ya dharura ni ya kishindo kuliko maegesho ya kawaida, na watengenezaji huyahesabia idadi ndogo zaidi katika umri wa diski. Umeme unaporudi mara nyingi huja na mruko wake. Kisha kuna radi za alasiri za kiangazi katika nyanda za juu za Gauteng, ambazo hakuna mkazi wa Randburg anayehitaji kuelezwa.

Kuna hata anayedai kwamba ni mwinuko: Johannesburg iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kichwa huelea juu ya hewa. Hoja inavutia kwa mtu wa Mombasa, lakini haisimami. Diski za kawaida huidhinishwa kufanya kazi hadi mita 3,000 hivi. Hali zote hizo, kwa vyovyote, zilijulikana. Mtu aliyeishi na mgao kwa muongo na zaidi hawezi kuuita ajali. Aliyenunua jiko la gesi, taa za kuchaji na betri ya akiba ya kuendeshea intaneti aliona mbali kwa ajili ya chakula chake na filamu zake. Kwa ajili ya sauti za wazee wa Lubumbashi hakununua hata diski ya pili.

Isitoshe, mlio wenyewe ni hisani ambayo diski nyingi hazitoi. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000 zilizokuwa kazini. Diski huwa na mfumo wa ndani wa kujipima afya na kutoa tahadhari. Wachunguzi hao walikuta kwamba zaidi ya asilimia 36 ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili hata moja katika mfumo huo, joto likiwekwa kando. Walikuta pia kwamba diski ikishaonyesha kosa la kwanza la usomaji katika ukaguzi, uwezekano wake wa kufa ndani ya siku 60 huwa mara 39 ya diski isiyo na kosa hilo. Mwaka huohuo Bianca Schroeder na Garth Gibson walionyesha kwamba viwango vya kubadilishwa kwa diski katika mitambo mikubwa vilikuwa kwa kawaida asilimia 2 hadi 4 kwa mwaka, na kwingine hadi 13, tofauti kabisa na ahadi za maisha marefu zilizoandikwa katika karatasi za watengenezaji. Takwimu hizo ni za zamani kidogo na diski zimebadilika. Kilichobaki ni mantiki: anayesubiri kuonywa amekabidhi kazi yake kwa mwonyaji ambaye mara moja katika kila tatu hasemi neno. Wala dawa si kununua diski za kisasa zisizo na sahani wala mota. Hizo hazigongi kwa sababu hazina cha kugonga. Zikifa, hufa kimya.

Sasa iulizwe jinsi mambo yalivyokuwa kabla ya diski, na Johannesburg ni mahali pazuri pa kuulizia. Barabara ya Jan Smuts, inayoelekea kaskazini hadi Randburg, huanzia ubavuni mwa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Braamfontein. Chapa ya chuo hicho ndiyo iliyotoa, mwaka 1940, Diwani ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, ikihaririwa na William Hichens. Katika muongo huohuo ilimtoa pia Shaaban Robert, kwa Pambo la Lugha. Wanafunzi wa fasihi hulisoma jina la Johannesburg katika ukurasa wa kwanza wa vitabu hivyo na kulipita, kana kwamba ni kosa la mpiga chapa. Halipaswi kupitwa.

Muyaka alifariki Mombasa yapata mwaka 1840. Hakuacha diwani. Mashairi yake yalikaa vinywani mwa watu wa Mombasa kwa miongo kadhaa, yakijadiliwa, yakikosewa, yakisahihishwa, na katika miaka ya 1880 Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyaandika, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Karatasi za Taylor zilivuka bahari hadi London, ambako sasa zimo katika maktaba ya SOAS. Hichens aliyapata huko, akayahariri, na yakachapwa kusini kabisa mwa bara, katika mji ambao Muyaka hakupata kuusikia, kwa sababu haukuwapo. Mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz aliyatoa tena Nairobi, pamoja na uchambuzi uliomfanya Muyaka kuwa mali ya vyuo vikuu. Kinywa, kalamu ya Sikujua, karatasi za Taylor, chapa ya Johannesburg, chapa ya Nairobi: katika mlolongo huo hakuna pingu moja iliyobeba mzigo wote peke yake kwa muda mrefu. Kila aliyeyapokea mashairi hayo aliyazidisha kabla ya kuondoka. Sikujua alifariki mwaka 1890. Kama angeyaandika katika daftari moja, akalifungia sandukuni akisubiri kwanza amalize uchambuzi wake, leo Muyaka angekuwa jina linalotajwa katika tanbihi.

Wanakili wa pwani hawakuwa na nadharia ya uhifadhi. Walikuwa na mkono, wino, na desturi kwamba anayeazima hati huinakili. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Stanford ilipoanzisha, mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi uitwao LOCKSS, jina hilo lilifupisha kauli ya Kiingereza kwamba nakala nyingi ndizo zinazolinda. Mwanachuo yeyote wa Lamu wa karne ya 19 angeshangaa kuona jambo hilo limehitaji mradi.

Mrithi wa wanakili hao ni msomi aliyegeuza utajiri wa wengine kuwa mtaji wake binafsi. Hapo ndipo lawama inapostahili kukaa, na si juu ya mota wala mgao. Rekodi iliyoko katika diski moja ni rekodi ambayo hakuna mtu mwingine anayeweza kuisikiliza, kuihakiki au kuitumia kumpinga mwenye diski. Upekee huo ni mtamu. Humpa mwenyewe mamlaka katika kila kongamano: "katika data zangu", husema, na hakuna wa kuuliza ziko wapi. Uzembe ni sehemu ndogo ya maelezo ya kwa nini nakala ya pili haifanywi. Sehemu kubwa ni kwamba nakala ya pili lazima ikae mahali, na mahali hapo pana mtu mwingine.

Utetezi wa kawaida unajulikana: wenye vyuo tajiri watachukua, watachapisha kwanza, mtafiti wa Afrika abaki msaidizi katika shukrani. Hofu hiyo ina historia ya kweli nyuma yake, na anayeidharau hajapata kutafuta hati ya Kiswahili akaambiwa apande ndege kwenda London, Hamburg au Berlin. Lakini hofu hiyo inajibu swali la nani aruhusiwe kusoma. Haijibu swali la nakala ziwe ngapi. Nakala inaweza kuwekwa katika hifadhi ya chuo ikiwa imefungwa kwa miaka mitano au kumi, kwa sharti la maandishi, bila mtu kuigusa. Inaweza kukaa kwa dada aliyeko Arusha, ndani ya bahasha, asijue hata kilichomo. Kuweka akiba na kuchapisha ni vitendo viwili, na anayevichanganya kwa makusudi anatafuta udhuru. Hati iliyochukuliwa ikapelekwa ng'ambo bila wenyewe kuachiwa nakala ni dhuluma. Hati iliyobaki nyumbani ikaliwa na mchwa haikuokolewa na uzalendo wa mwenye nyumba.

Mfano wa kinyume upo, tena unawahusu walewale Wakongomani wa mtafiti wa Ferndale. Mwaka 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani katika mji wa Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, kilitoa historia ya mji wao kwa Kiswahili cha huko, iliyoandikwa na André Yav na kurudufiwa kwa mashine ya bei rahisi. Ni maandishi yasiyo na vituo vya kawaida wala tahajia ya kawaida, ambayo mhariri wa gazeti angeyatupa. Nakala ilimfikia Johannes Fabian, naye aliyachapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo. Kisha yeye na Vincent de Rooij, huko Amsterdam, wakaanza kuyaweka wazi mtandaoni maandishi ya aina hiyo katika hifadhi waliyoiita Archives of Popular Swahili. Inaweza kulalamikiwa kwamba ni Amsterdam tena. Ilalamikiwe, lakini mlalamikaji akumbuke kwamba anaweza kulalamika baada ya kuyasoma, akiwa Randburg, Kigoma au Minneapolis, bila kumwomba mtu ruhusa.

Vyuo na wafadhili nao wana hisa yao. Neno "kidijitali" limekuwa hirizi: likishavaliwa, hatari hudhaniwa imeondoka. Miradi hununua kamera, mashine za kuskani na viyoyozi, hufanya uzinduzi wenye keki, na bajeti hukoma palepale ambapo uhifadhi ulipaswa kuanza. Kuskani hati ni kubadilisha adui. Mchwa na unyevu huondoka. Huja mota, umeme, faili zisizofunguka tena na neno la siri la mtu aliyehamia Kanada. Hati ya karatasi iliyosahaulika rafuni kwa miaka 40 huenda bado ikasomeka. Diski iliyosahaulika kwa muda huo haina ahadi hiyo.

Hili lisieleweke kama wito wa kurudi kwenye karatasi peke yake. Jumapili ya 18 Aprili 2021 moto ulioshuka kutoka Mlima wa Meza uliteketeza ukumbi wa kusomea wa maktaba ya Jagger, Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na sehemu kubwa ya mkusanyiko wake wa masomo ya Afrika uliokuwa humo. Milango ya kuzuia moto iliziokoa stoo za chini. Maji ya kuzimia moto yakaziingia. Waliopata afueni siku zilizofuata ni wale waliojua kwamba kitu fulani kilikuwa kimenakiliwa na kukaa kwingine.

Wapo watakaojibu kwa neno moja: wingu. Jibu hilo ni bora kuliko kutojibu, na kwa mkazi wa Randburg, ambaye nyaya za faiba zimepita mtaani kwake, hakuna kisingizio cha kutolitumia. Lakini wingu ni diski za watu wengine, nazo hufa kama nyingine, isipokuwa wenyewe wana busara ya kuweka nakala kadhaa. Hulipiwa kila mwezi, kwa kadi ambayo siku moja itaisha muda. Akaunti hufungwa, mrithi hana ufunguo, na kampuni hubadilisha masharti kwa barua pepe isiyosomwa na mtu. Kwa mtafiti aliyeko Bukavu au Pemba, anayenunua intaneti kwa vifurushi, kupandisha saa mia tatu za sauti ni ndoto ya gharama kubwa. Kwake diski ya pili iliyobebwa kwa basi hadi mji mwingine ni wingu tosha. Kanuni inayotajwa sana na wapiga picha na wakutubi ni ya nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na nyumbani. Haihitaji shahada.

Wenye kaya zilizotawanyika wasidhani kwamba lawama ni ya wasomi pekee. Kuna familia Muscat, Leicester na Toronto ambazo kaseti za bibi akisimulia Unguja ya ujana wake zilihamishiwa kwenye kompyuta miaka kumi na tano iliyopita, kaseti zikatupwa kwa furaha, na kompyuta hiyo sasa iko chini ya kitanda cha mpwa. Hapo hakuna bodi ya utafiti wala ripoti ya mfadhili. Kuna ndugu sita, kila mmoja akiamini kwamba mwingine anazo.

Sehemu ya suala hili inayosahaulika zaidi ni haki ya waliorekodiwa. Mama wa Yeoville aliyeeleza jinsi alivyovuka mipaka minne akiwa na mtoto mgongoni hakumpa mtafiti zawadi binafsi. Alikubali kusikilizwa. Alitia sahihi, au alisema ndiyo mbele ya kinasa sauti, kwa kuaminishwa kwamba maneno yake yatatunzwa. Sheria ya Afrika Kusini ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2013, ambayo sehemu zake kuu zilianza kutumika tarehe 1 Julai 2020, inamtaka anayeshika taarifa za watu achukue hatua za kuzuia zisipotee, zisiharibike wala zisifikiwe na wasioruhusiwa. Watafiti wengi wameisoma sheria hiyo kama sheria ya siri tu. Neno la kupotea limo humohumo. Tena mambo hayo mawili hukutana mezani pa fundi: diski inayogonga, isiyofungwa kwa neno la siri, hukabidhiwa mtu asiyejulikana pamoja na majina, sauti na hadhi za uhamiaji za watu ambao usalama wao unategemea kutojulikana. Mtafiti aliyeshindwa kuilinda kwa kuinakili hulazimika kuisaliti kwa kuiokoa.

Tangu Septemba 2018, serikali ya Afrika Kusini ilipotangaza kwamba Kiswahili kitaruhusiwa kufundishwa kama lugha ya hiari shuleni, na tangu Agosti 2019, SADC ilipokipokea kuwa lugha yake rasmi ya nne, hotuba nyingi zimetolewa kuhusu kusafiri kwa lugha hii kuelekea kusini. Mwalimu atakayesimama mbele ya darasa huko Gauteng atahitaji zaidi ya hotuba. Atahitaji sauti za Kiswahili kinavyosemwa Johannesburg kwenyewe, na wazee wa Lubumbashi, Uvira na Kigoma waliozeeka mjini humo. Zilizopo ziko katika diski za watu binafsi. Wazee wenyewe wanapungua kila msimu wa baridi, nao hawatarekodiwa mara ya pili kwa sababu mota ya mtu imekwama.

Idara za Kiswahili humdai mtahiniwa wa uzamivu pambizo za upana uliopimwa kwa sentimita, aina ya herufi, nakala kadhaa zilizojalidiwa, moja ya maktaba, moja ya idara, moja ya msimamizi. Tasnifu, ambayo ingeweza kuandikwa upya na mwandishi aliye hai, hupata nakala nne au tano. Rekodi ambazo tasnifu imesimama juu yake, ambazo haziwezi kurudiwa na mtu yeyote, haziulizwi. Fomu ya ukurasa mmoja ingetosha: nakala ni ngapi, ziko wapi, nani mwingine ana ufunguo, lini mara ya mwisho zilifunguliwa zikasikilizwa hadi mwisho. Itasemwa kwamba huo ni urasimu juu ya urasimu, na kwamba msimamizi hana muda. Msimamizi aanze kwa kuijaza yeye mwenyewe, kuhusu diski iliyoko katika droo ya meza yake, kabla ya kutia sahihi ombi la fedha za mwanafunzi anayekwenda uwandani mwezi ujao.